Bima ya mpangaji kwa wakala wa kujitegemea, inalipa au napoteza muda?

wakala_mpya_Houston

Habari zenu wakuu. Mimi nipo Houston, Texas, leseni ya bima za mali na magari nimepata mwaka jana, sijaajiriwa na kampuni yoyote, nauza za kampuni kama sita kupitia wakala mkubwa aliyenipokea kwenye mfumo wake. Wateja wangu karibu wote ni watu wetu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, na wengi wanakaa apatimenti. Kila wiki napigiwa simu tatu nne za mtu anayetaka bima ya mpangaji, ile ya kumlinda mtu aliyepanga na vitu vyake vya ndani, tena kwa haraka, kwa sababu ofisi ya apatimenti imemwambia hapewi funguo mpaka alete karatasi ya kuonyesha ana bima.

Sasa juzi nimekaa nikapiga hesabu nikachoka kabisa. Mkataba ni kama dola 15 kwa mwezi, yaani 180 kwa mwaka, kamisheni asilimia 12, inakuja dola 21 na senti 60. Kwa mwaka mzima! Na hapo mkubwa wangu hajachukua chake. Mteja mwenyewe ndo anayepiga simu kuliko wote, leo kadi imegoma, kesho kahama jengo, keshokutwa ofisi inataka jina lao liandikwe upya kwenye karatasi. Gari moja tu la dola 2,000 kwa mwaka linanipa 240. Niambieni ukweli walionitangulia, niendelee nazo au niwaambie wanunue wenyewe kwenye programu za simu?

mtu_wa_Dallas

Achana nazo mkuu. Nimeuza miaka mitatu nikaacha, na sijutii. Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba ule mkataba wa dola 21 ukikosea unashtakiwa sawasawa na mkataba wa dola 500. Mteja akisema "hukuniambia mafuriko hayamo" anakuja na wakili, na bima yako ya makosa ya kazi haikuulizi ulilipwa ngapi. Halafu kuna hizi kampuni za kwenye simu, Lemonade wanaanzia dola 5 kwa mwezi na mtu anamaliza ndani ya dakika chache, wewe unashindana vipi na hilo? Weka nguvu kwenye malori, watu wetu wengi sasa hivi wanaendesha malori, huko ndiko kuna pesa.

miaka11_Columbus

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mdogo wangu wa Houston, hesabu yako iko sawa, ila umemhesabu mteja kana kwamba ataishia hapohapo. Mimi nipo Ohio, huu mwaka wa 11, na nikifungua vitabu vyangu familia nyingi zinazonilipa vizuri leo ziliingia kwa bima ya mpangaji. Mtu amefika nchini, hana gari, hana nyumba, kitu cha kwanza anachodaiwa ni hiyo karatasi ya apatimenti. Ukimhudumia vizuri siku hiyo, gari akinunua anakuja kwako, nyumba akinunua anakuja kwako, shemeji yake akifika anamleta kwako. Ukimwambia "nenda kanunue kwenye simu" basi ile kampuni ya kwenye simu inamuuzia na gari, umempeleka mwenyewe. Na ukimfungia gari na nyumba ya kupanga pamoja kampuni nyingi zinampunguzia kwenye gari, mara nyingine punguzo linakaribia kumaliza bei ya hiyo bima ya mpangaji, na mteja mwenye mikataba miwili hakimbii ovyo kila bei inapopanda.

Lakini hilo la kibiashara kila mtu atakwambia, ninachotaka kukisema mimi ni kingine. Ile fomu haikuandikwa kwa maisha yetu, na programu ya simu haijui kuuliza. Chukua neno NDUGU. Mteja anakwambia naishi na ndugu yangu, wewe unaandika ndugu, mambo yamekwisha. Kumbe huyo ndugu ni wa kijiji kimoja, au walikuwa kambi moja ya wakimbizi, Nyarugusu au Kakuma, wamelelewa pamoja, kwetu huyo ni ndugu kabisa na hakuna wa kubisha. Kwenye mkataba wa kawaida anayelindwa ni aliyeandikwa jina pamoja na jamaa zake wa damu au wa ndoa wanaokaa nae. Yule wa kambi moja hayumo. Mimi mwaka wangu wa pili nilimwandikia kijana hivyohivyo, wakaibiwa, laptopu mbili na televisheni, kampuni ikalipa vya kwake, vya mwenzake ikakataa. Nilienda kuwaona, wamekaa kwenye kochi moja, mmoja ana cheki mkononi na mwingine hana kitu, na kosa ni langu kwa sababu mimi naelewa Kiswahili na sikuuliza. Tangu siku hiyo nauliza: mmezaliwa na nani, mna undugu gani? Kama si damu wala ndoa kila mmoja anachukua wake, au tunamwongeza jina pale kampuni inaporuhusu.

Kingine dhahabu. Mama wa Kimombasa au wa Unguja ana bangili na mikufu ya harusi, mkataba wa kawaida vito vikiibiwa mwisho ni dola 1,500 tu, kwa vyote. Inabidi viorodheshwe peke yake na bei zake, na kuongeza huko si ghali. Kingine mitumba, mtu kajaza chumba na mzigo anaosubiri kontena la kwenda Dar, hiyo ni mali ya biashara, fomu ya kawaida inaishia dola 2,500. Usipouliza hatakwambia, kwake ni mizigo tu ya nyumbani.

mtu_wa_Dallas

Hilo la ndugu nakubali, sijawahi kulifikiria hivyo. Ila bado hujajibu la muda, wewe una miaka 11 na nadhani una msaidizi, huyu yuko peke yake na anahitaji kula mwezi huu.

dada_wa_Louisville

Samahanini, mimi si wakala, ni mpangaji tu, nimepita nikaona hapa nikashindwa kunyamaza. Sisi ni Wakongo, tumefika Kentucky na watoto wanne. Tulichukua ile bima kwa sababu ofisi ya apatimenti ilitulazimisha, nilidhani ni kodi nyingine. Jiko likashika moto, mafuta ya kukaanga, mtoto alilia nikatoka dakika mbili tu. Nyumba yetu na ya jirani wa juu ziliharibika na moshi na maji ya zimamoto. Nilijua tumekwisha, nilijua watatudai jengo lote. Yule wakala, kaka mmoja Mkenya, alikuja jioni ile hotelini. Alituambia kwa Kiswahili taratibu kwamba kuna sehemu ya mkataba inalipa hoteli mpaka mpate pa kuishi, na kuna sehemu nyingine ya dola 100,000 ambayo ndiyo itazungumza na kampuni ya mwenye nyumba ikija kutudai. Nilikuwa sijui hata kimoja. Nilijua tu vitu vyangu, masufuria na nguo. Kama tungenunua kwenye simu ningempigia nani usiku ule na ningesema kwa lugha gani? Hiyo dola 21 mnayosema sikujua ni ndogo hivyo. Kama ni ndogo hivyo namshukuru mara mbili.

wakala_mpya_Houston

Dada pole sana, na asante kwa kuandika, umenigusa kwa kweli. Naona mwelekeo wangu unaanza kubadilika, lakini swali la Dallas ni la kweli, muda. Columbus unafanyaje usizame? Na mimi Houston nina tatizo lingine, mafuriko.

miaka11_Columbus

Muda: usifanye kila kitu kwa simu. Mimi nina fomu fupi ya Kiswahili, maswali tisa, namtumia WhatsApp anajibu kwa sauti au maandishi, nikishaipata kazi yangu ni dakika 10. Malipo namshauri alipe mwaka mzima mara moja kama anaweza, zile simu zote za kadi imegoma zinakufa. Hilo ni muhimu kwake pia kwa sababu mkataba ukikatika ofisi ya apatimenti inamwekea ulinzi wao wenyewe na kumwongezea kwenye kodi, na mara nyingi huo unamlinda mwenye nyumba tu, vitu vya mpangaji havimo kabisa. Waelezeni watu hili, wengi wanadhani wana bima kumbe wanamlipia mwenye jengo. Na nikishamwandikia, siku ya 30 nampigia kumuuliza kitu kimoja, gari lako liko wapi? Kama anaendesha Uber namwambia hapohapo kwamba bima ya kawaida ya gari kwa kawaida haimlindi akiwa kazini bila nyongeza. Hapo ndipo pesa ya kula mwezi huu inapotoka.

Na ukitafuta wateja zaidi, usilipe watu dola kwa kila mteja wanayekuletea kabla hujauliza idara ya bima ya jimbo lako, majimbo mengi yana sheria kali hapo hasa malipo yakitegemea mtu kununua.

Mafuriko: mwambie na mwandikie, vyote viwili. Maji ya bomba lililopasuka ndani, kama yale ya baridi ya Februari 2021 huko kwenu Texas, bima ya mpangaji inalipa vitu vyake. Maji yaliyopanda kutoka nje kama ya Harvey 2017 hailipi. Kwa hayo kuna mpango wa bima ya mafuriko wa serikali kuu, mpangaji anaweza kununua wa vitu vya ndani peke yake mpaka dola 100,000, ila kwa kawaida unaanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo usisubiri kimbunga kitajwe kwenye taarifa ya habari. Anayekaa ghorofa ya chini Houston muulize kila mwaka, akikataa aandike kakataa, utunze.

mtu_wa_Dallas

Hiyo ya kuandika kakataa ndo jibu la hofu yangu ya wakili. Columbus nitumie hayo maswali tisa inbox tafadhali.

wakala_mpya_Houston

Na mimi. Nina watu wanne wananisubiri tangu jana, wawili wameniambia wanakaa na ndugu.