Marselino Ferdinan: mabao mawili kwa Saudi Arabia, dakika kiduchu klabuni. Kijana wa Indonesia apite njia ipi?

Beki_Tatu
Wakuu, naomba tulichambue hili kwa kina. Tarehe 19 Novemba 2024, uwanja wa Gelora Bung Karno, Jakarta, Marselino wa Indonesia aliwafunga Saudi Arabia mara mbili, dakika ya 32 na ya 57. Lile la pili lilikuwa tamu mno: shuti la kwanza likazuiwa na beki, mpira ukamrudia mguuni, naye kwa utulivu akaudokoa juu ya kipa. Miaka 20 tu. Lakini siku hiyo alikuwa mchezaji wa Oxford United ya England na alikuwa hajaichezea timu ya kwanza hata mechi moja.

Je, alitoka Persebaya, klabu ya Surabaya, mapema mno, au tatizo ni klabu alizokwenda? Na kijana wa miaka 18 aliyeko ligi ya Indonesia leo azingatie nini?

Kipenga
Mapema hapana. Angalia tarehe. Kazaliwa 9 Septemba 2004, na Kanuni ya 19 ya FIFA inazuia mchezaji kuhamia nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18. Ile nafuu ya miaka 16 ni ya uhamisho ndani ya Ulaya, mtoto wa Surabaya haimhusu. Mlango ulimfungukia Septemba 2022, na dirisha lililofuata, mwanzoni mwa 2023, akaenda KMSK Deinze, daraja la pili Ubelgiji.

Kingine ambacho watu wanasahau ni jinsi kizazi chake kilivyopoteza mechi. Ligi ya Indonesia ilisimama Machi 2020 kwa korona, ikarudi Agosti 2021. Michuano ya Asia ya U16 ya 2020 ikafutwa kabisa. Hiyo ni kati ya miaka 15 na 17, umri ambao kiungo mshambuliaji anajifunza kupokea mpira akiwa amebanwa kwa nyuma. Msimu wa 2021/22 kocha Aji Santoso akamwamini Persebaya, Januari 2022 kocha wa taifa Shin Tae-yong akampa mechi ya kwanza ya timu ya taifa dhidi ya Timor-Leste, Juni akafunga kwenye 7-0 dhidi ya Nepal. Ndipo likaja janga la uwanja wa Kanjuruhan, tarehe 1 Oktoba 2022, watu 135 wakapoteza maisha baada ya mechi ya Arema na Persebaya. Ligi ikasimama hadi Desemba, na iliporudi ikachezwa bila mashabiki. Kwa kijana anayehitaji mechi kila wiki, kuondoka kulikuwa na mantiki kabisa.

Namba_Nane
Naungana na Kipenga kuhusu Deinze. Daraja la pili Ubelgiji ni saizi ya kijana wa miaka 18 anayeanza. Tahadhari moja tu: Ubelgiji ina kima cha chini cha mshahara kwa wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya, na ni kikubwa. Klabu ndogo ikikulipa hivyo, inataka matokeo haraka, haina subira ya kukulea.

Kwangu mimi hatua ngumu ni ya pili, Agosti 2024. Oxford walikuwa wamepanda Championship, daraja la pili England, Mei ileile. Timu iliyopanda, mechi 46, inapigania kubaki: kocha atampanga kiungo wa miaka 28 anayeijua ligi kabla ya kumjaribu chipukizi. Halafu Desemba kocha Des Buckingham akaondolewa, akaja Gary Rowett, kwa hiyo kijana akaanza upya kumshawishi mtu ambaye hakumkuta wakati anasajiliwa. Mechi ya kwanza ikapatikana Januari 2025, Kombe la FA dhidi ya Exeter City, akitokea benchi. Mwaka huohuo akapelekwa kwa mkopo Trenčín, Slovakia. Ule mkopo ndio ulipaswa kuwa hatua ya pili, England ibaki ya tatu.

Kuhusu kibali cha kazi England, msimpe kijana matumaini hewa. Zinatakiwa pointi 15. Mechi za timu ya taifa zinahesabiwa pale tu nchi ikiwa ndani ya 50 bora za FIFA, na Indonesia mwaka 2024 ilikuwa nje ya 100 bora. Kwa hiyo hata acheze mechi zote za Timnas, yaani timu ya taifa, hapo ni sifuri. Kuna nafasi maalum kwa wasiofikisha pointi tangu 2023, klabu za Championship zinaweza kupata hadi nne kutegemea dakika wanazowapa wachezaji wa Kiingereza, lakini klabu haitumii nafasi hiyo kwa mtu yeyote tu.

Winga_Teleza
Wa kubaki nyumbani naye asidanganyike na kanuni ya U23, wachezaji wa chini ya miaka 23. Msimu wa 2023/24 kila klabu ililazimika kuanza na mchezaji mmoja wa U23 na kumwacha angalau dakika 45. Makocha wengine wanaitimiza kama ilivyo: dakika ya 46 kibao kinainuliwa, kijana anatoka. Hazoei kusoma mechi wapinzani wanapochoka na nafasi zinapofunguka. Mkitathmini kijana, msihesabu mechi alizoanza. Hesabuni alizomaliza.

Beki_Tatu
Asanteni sana wakuu. Na zile shule za soka za mtaani, SSB, zinapata chochote mtoto wao akiuzwa Ulaya?

Kipenga
Zinapata, kama makaratasi yapo. Mchango wa mshikamano, fungu la klabu zilizomlea mchezaji, ni 5% ya ada ya uhamisho wa kimataifa. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una 0.25% ya ada, na kila msimu wa 16 hadi 23 una 0.5%. Chukua mfano wa ada ya euro 500,000: SSB iliyomlea kuanzia 12 hadi 15 inapata 1%, yaani euro 5,000. Akademi iliyomchukua misimu ya 16, 17 na 18 inapata 1.5%, yaani euro 7,500.

Panapoharibika ni kwenye pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya klabu alizosajiliwa. Mtoto amecheza SSB tangu miaka 10, lakini jina lake limeingia kwenye mfumo wa PSSI, shirikisho la soka la Indonesia, akiwa na 15. Ile misimu mitatu ya nyuma haionekani, na fedha inapita pembeni. Msajilini msimu ule anapotimiza 12, kila msimu, hata kama anacheza Piala Soeratin tu, mashindano ya vijana ya Indonesia. Na akiondoka akiwa huru, mkataba umeisha, hakuna ada, kwa hiyo hakuna asilimia ya kugawana.

Namba_Nane
Naongeza moja ambalo mawakala wengi hawalitaji: ruhusa ya timu ya taifa. SEA Games ya Mei 2023, ambako Indonesia ilichukua dhahabu kwa kuifunga Thailand 5-2, na Kombe la Asia la U23 la Aprili 2024 vilikuwa nje ya kalenda ya FIFA, klabu hazilazimiki kumwachia mchezaji. Marselino alicheza yote mawili, na kule Qatar aliwafunga Jordan mara mbili. Kwa taifa ni fahari, lakini klabuni mwenzako anakaa kwenye nafasi yako wiki tatu au nne. Kabla ya kusaini, klabu, PSSI na mchezaji waandikiane ni mashindano gani ataruhusiwa, na anarudi tarehe ngapi.