Mjadala: Asiyepima moyo asisajiliwe ligi ya mtaa, ni sawa au tunawaonea madogo?

MwishoWaReli:
Wakuu naomba tujadili hili bila matusi. Wiki iliyopita mazoezini hapa Mwanga, Kigoma, dogo kaanguka. Hakuguswa na mtu, alikuwa anarudi kukaba, akalala kifudifudi, tukadhani kajikwaa. Watu tukamkimbilia, huyu anammwagia maji usoni, huyu anamvua viatu, mwingine anampepea na jezi, na dogo alikuwa anakoroma hivi kwa mbali tukasema afadhali anapumua. Mpaka bodaboda inamfikisha hospitali, keshaondoka. Miaka 17. Sasa viongozi wa ligi yetu wamekaa wakatoka na tamko kwamba msimu ujao mchezaji hasajiliwi mpaka alete karatasi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Mimi naunga mkono. Timu yangu nusu wanasema ni kuua ligi. Semeni.

Kocha_Katubuka:
Ni kuua ligi, nasema wazi. Jezi tunachangishana, mpira ule umeshonwa mpaka umekuwa yai, dogo anakuja mazoezini hajala tangu asubuhi halafu nimwambie kalete ECG? Na hao wanaopimwa kila msimu mbona wanaanguka? Eriksen yule wa Denmark kapimwa Tottenham, kapimwa Inter, Juni 2021 kaenda chini Copenhagen dunia nzima inaangalia. Kipimo kilisaidia nini hapo.

BintiKasulu:
Kocha hapo umechemka mwenyewe. Eriksen kipimo hakikumwona, sawa, ila mbona yuko hai? Walimkandamiza kifua palepale, wakaleta mashine ya kushtua moyo, akaamka kabla hajatoka uwanjani. Sisi tulikuwa na maji ya chupa na jezi ya kupepea.

Shabiki_wa_Kigodoro:
Na Foé je? Yule Mkameruni kombe la dunia 2002 alikuwa na timu ya taifa yenye madaktari na bado alikufa

Takwimu Ujiji:
Kombe la dunia wapi. Foé ni 26 Juni 2003, Lyon, Kombe la Mabara, nusu fainali na Colombia. Kama hujui uliza.

Shabiki_wa_Kigodoro:
Mwaka mmoja ndo unanitolea povu? Mtu si kafa, au kwa 2003 kafufuka

Takwimu Ujiji:
Sijatoa povu, nimekurekebisha. Tena ukitaka wa kwetu, kuna yule dogo wa Mbao ya vijana, Bukoba, Desemba 2016, kafunga goli, dakika chache mbele kaanguka. Huyo hukumkumbuka kwa sababu hakuwa kwenye dishi.

Mdau wa Sinza:
Ndugu zangu wa Kigoma msitafute mchawi, mchawi ni mawese. Kuanzia maharage, kisamvu, mpaka mgebuka, kila kitu kinaogelea kwenye mafuta mekundu, halafu mnashangaa moyo umegoma. Punguzeni hayo mafuta, ECG baadaye.

MzeeWaGungu:
Wewe wa Sinza koma. Baba yangu kala mawese miaka themanini na kitu na alikuwa anapanda mnazi. Nyie mnakula chipsi zimekaangwa kwenye mafuta ya tangu Jumatatu, yameshakuwa rangi ya oili chafu, halafu unatufundisha moyo?

BintiKasulu:
Mzee mawese yanatoka kwenye mchikichi sio mnazi 😂

MzeeWaGungu:
Nimesema ALIKUWA ANAPANDA MNAZI, sijasema mawese yanatoka kwenye mnazi. Soma vizuri binti yangu.

MamaWaUjiji:
Samahanini naomba kuuliza. Mwanangu wa miaka 15 mara mbili kazimia akiwa anakimbia shuleni, akiamka yuko sawa kabisa anaomba kula. Mwalimu anasema ni njaa. Je hii inahusiana na mnachosema?

Mdau wa Sinza:
@MzeeWaGungu usinipeleke kwenye chipsi. Sayansi inasema mawese karibu nusu yake ni yale mafuta mabaya yanayoganda. Google ipo.

MzeeWaGungu:
Na vitamini A je, ile rangi nyekundu unadhani ni ya kuchora? Watoto wa huku macho yao yanaona mpaka Kongo ng'ambo ya ziwa. Wewe hapo Sinza kusoma namba ya daladala mpaka uvae miwani.

Dumu la Mwandiga:
Wakuu kwa wanaohitaji mawese safi ya kukamua, hayajachanganywa na kitu, nauza dumu la lita 20, natuma kwa basi mpaka Dar. Mdau wa Sinza kwako punguzo.

MwishoWaReli:
Jamani uzi ni wa mtoto aliyekufa.

Tabibu_Tabora:
Nimesoma toka juu. Mdau wa Sinza, mafuta kuziba mishipa ni kazi ya miaka mingi, ndio maana inawakuta watu wa umri wangu. Dogo wa miaka 17 anayekatika ghafla akikimbia, mara nyingi ni kitu kingine kabisa: nyama ya moyo imenenepa kwa kurithi (Foé ndio walichomkuta nacho), au nyaya za umeme wa moyo zina hitilafu tangu kuzaliwa, au mshipa unaolisha moyo umeota sehemu isiyo yake, au virusi vimevimbisha nyama ya moyo. Huku kwetu ongeza mafindofindo yasiyotibiwa, mtoto anaumwa koo, anapewa chumvi asukutue, linaisha, miaka mbele vali za moyo zimeharibika. Hayo mawese muyaache yapumzike.
Na ule mkoromo uliousema mleta mada, ule sio kupumua. Moyo ukisimama mtu anaweza kuvuta hewa kwa kukoroma dakika kadhaa na watu wote hudanganyika hapo hapo.

MzeeWaGungu:
Umeona Sinza. Tabibu kasema muyaache.

Mdau wa Sinza:
Kasema kwa vijana, hakusema kwako mzee

Kocha_Katubuka:
Tabibu umemaliza, kwa hiyo ni vitu vya kuzaliwa navyo na mimi kocha siwezi kuviona. ECG ya nini.

Tabibu_Tabora:
Sijamaliza kocha. Vingi kati ya hivyo ECG huvinusa, sio vyote. Italia ni sheria tangu 1982, mchezaji hachezi bila cheti, na mkoa wa Veneto walikofuatilia, vifo vya ghafla vya wanamichezo vilishuka kutoka kama 3.6 mpaka 0.4 kwa kila laki moja kwa mwaka. Kanu wa Nigeria, mnamkumbuka, 1996 katoka na dhahabu ya Olimpiki anajiunga Inter, vipimo vikakuta vali mbovu, akapasuliwa, akacheza miaka mingi baada ya hapo. Ila Israel nao waliweka sheria kama hiyo na walipohesabu hawakuona tofauti. Na Uingereza walipima madogo 11,168 wa akademia za mpira kati ya 1996 na 2016, ECG mpaka eko (ile picha ya moyo ya ultrasound), 42 wakakutwa na magonjwa hatari. Waliokufa kwa moyo baadaye ni 8, na 6 kati yao walikuwa wameambiwa wako sawa.

Takwimu Ujiji:
6 kati ya 8? Hapo kocha ana hoja.

BintiKasulu:
Na wale 42 waliokutwa mbona huwahesabu? Hao ni watoto wa watu.

Tabibu_Tabora:
Kingine, mioyo ya wanamichezo weusi mara nyingi huchora kwenye ECG mistari inayofanana na ugonjwa wakati mtu ni mzima. Asipoijua msomaji, madogo kibao watafungiwa bure, au wataambiwa waende Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, nauli hakuna. Ndio maana mimi sipigi debe ECG ya lazima kwenye ligi ya mtaa. Ningeanza na maswali: umewahi kuzimia UKIWA unakimbia, kifua kinabana ukikimbia, kwenu kuna aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50. Ukijibu ndiyo moja tu, wewe ndio uende ukapimwe.

Msafwa_wa_Kibirizi:
Mnajisumbua na mistari. Ile siku jirani na goli walikuta kitu kimefukiwa. Watu wanajua.

Kocha_Katubuka:
Kimefukiwa nini, acha uongo, mimi ndio nilikuwa pale. Ni mfuko wa plastiki.

Mpiga_Chabo:
Ahaa kumbe kocha ulikuwepo! Basi tuambie ukweli, si ni kweli dogo alikuwa ana homa siku mbili na ukamwambia aje mazoezini? Maana ndio inayozungumzwa mtaani. Makocha wa huku dogo akisema anaumwa mnamwita legelege.

Kocha_Katubuka:
Sikiliza wewe usiye na jina. Mimi yule dogo viatu nilimnunulia mimi. Alipougua malaria mwezi wa tatu dawa nililipa mimi, mama yake anajua, muulize. Hakuniambia ana homa, angeniambia ningemrudisha. Nani kakwambia nimemwita legelege? Taja. Unajificha nyuma ya kava unamuua mtu mara ya pili na mimi unanizika nae.

Mpiga_Chabo:
Mkuki kwa nguruwe

BintiKasulu:
Mpiga Chabo hiyo si haki. Ila kocha na wewe pia usikasirike, kuchezea homa ni kitu cha kila siku hapa, mimi mwenyewe netiboli nimecheza na homa na nikasifiwa.

Tabibu_Tabora:
Bila kumgusa mtu: mwenye homa asikimbie. Virusi vikishika moyo, mazoezi makali ndio yanaumaliza. Na akianguka bila kuguswa, haitikii, anakoroma au hapumui, msimpepee. Mlaze chali, viganja viwili katikati ya kifua, gandamiza kwa nguvu sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, mbadilishane, msiache mpaka awe amefika kwa wenye mashine. Kila dakika bila kugandamizwa wala mashine nafasi ya kuamka inapungua asilimia 7 hadi 10. Muamba, mchezaji wa Bolton, pale White Hart Lane 2012 moyo ulisimama dakika 78 na akapona, kwa sababu hakuna aliyeacha kugandamiza.

Shabiki_wa_Kigodoro:
Na nikimvunja mbavu familia ikanishtaki?

Tabibu_Tabora:
Mbavu zinaunga.

MwishoWaReli:
Sasa juu ya bodaboda mtu anagandamizwaje? Maana gari la wagonjwa hapa ukilisubiri...

Tabibu_Tabora:
Hagandamizwi. Tafuteni bajaji au pickup ya mtu kabla mechi haijaanza, ijulikane kabisa ni ya nani na funguo ziko wapi.

MamaWaUjiji:
Nimeuliza swali toka mchana nimeona mafuta tu.

Tabibu_Tabora:
Mama samahani, swali lako ndilo kubwa kuliko yote humu. Kuzimia akiwa katikati ya kukimbia sio njaa mpaka ithibitishwe. Huyo ECG ni yake kesho asubuhi. Kwenu au kwa baba yake kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana?

MamaWaUjiji:
Kwangu hakuna. Kwa baba yake, mdogo wake alikufa ziwani ana miaka 19, na alikuwa muogeleaji hodari kuliko wote pale Kibirizi, watu wakasema maji yamemchukua. Hiyo nayo inahesabika?

Tabibu_Tabora:
Inahesabika mama, tena itaje kabla hujakaa kwenye kiti. Kuna hitilafu ya umeme wa moyo ambayo kuogelea ndiko kunaiamsha, na inatembea kwenye ukoo. Na wadogo zake wote wapimwe.

MamaWaUjiji:
Jumamosi ana mechi. Ameshafua na jezi.

Tabibu_Tabora:
Asicheze. Hata akilia.

Kocha_Katubuka:
Mnaona? Msimu haujaanza na nimeshapungukiwa mchezaji.

MamaWaUjiji:
Utapata mwingine kocha.