Anayesema Marekani haikuwa na makoloni aje hapa

Wakuu, nimechoka. Kila mjadala wa ukoloni ukianza, lazima atokee mtu aseme Wamarekani hawakutawala watu, hayo yalikuwa ya Mwingereza, Mfaransa na Mjerumani. Historia gani hiyo mnasoma?

Chukueni Ufilipino. Tarehe 12 Juni 1898 Emilio Aguinaldo, kiongozi wa wapigania uhuru, alitangaza pale mji wa Kawit uhuru kutoka kwa Mhispania aliyekuwa akiwatawala. Wapiganaji wake walikuwa wameshawazingira Wahispania ndani ya mji mkuu, Manila, hawana pa kutokea. Marekani nayo ilikuwa vitani na Hispania. Agosti 13, Wamarekani na Wahispania wakapatana kupigana vita ya kuigiza: mizinga ilie, Mhispania asalimu amri kwa mzungu mwenzake, Wafilipino wazuiwe wasiingie kwenye mji wao wenyewe! Desemba wakasaini mkataba Paris. Marekani ikatoa dola milioni 20, ikachukua visiwa vyote. Mjumbe wa Wafilipino, Felipe Agoncillo, alifunga safari mpaka huko na hakuruhusiwa hata kuketi mezani. Nchi ya watu imeuzwa na mtu ambaye ameshashindwa kuishika.

Wafilipino walipokataa, vita kati yao na Wamarekani ikaanza Februari 1899. Mateka walimiminiwa maji mdomoni hadi matumbo yakavimba, ili waseme wenzao wako wapi. Raia wakasombwa kwenye kambi.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kisiwa cha Samar, hukohuko Ufilipino. Septemba 1901 watu wa mji wa Balangiga waliwashambulia askari wa Marekani waliokuwa wamepiga kambi mjini kwao, wakaua 48. Jenerali Jacob Smith akaamuru kisiwa kigeuzwe pori tupu na auawe kila anayeweza kubeba silaha. Meja wake akauliza, kuanzia umri gani? Akajibu, miaka kumi. Kumi! Huyo si mtoto wa darasa la nne? Mwaka 1902 mahakama ya kijeshi ikamkuta na hatia, adhabu yake ikawa karipio, kisha akastaafishwa. Basi. Kengele za kanisa la Balangiga walizobeba kama nyara zimerudi Desemba 2018 juzi tu hapa.

Na msiniletee habari za shule walizojenga. Mjerumani alitujengea reli, na bado tunawakumbuka waliokufa kwenye Majimaji.

Ufilipino ilipata uhuru 4 Julai 1946. Visiwa vya Puerto Rico na Guam, zilizochukuliwa kwa mkataba uleule wa Paris, mpaka leo ziko chini ya Marekani na wakazi wake hawampigii kura rais anayewatawala. Haya, mnaobisha, niambieni hizo tuziite nini.