Nimepata kazi ya kudai mikopo ya simu, roho inasita. Naombeni ushauri

Wakuu habarini. Nina miaka 26, nina diploma ya uhasibu, na huu mwaka wa pili nazunguka na bahasha. Ijumaa nimepigiwa simu: kazi imepatikana, kampuni ya mikopo ya mtandaoni hapa Dar, laki sita na nusu kwa mwezi pamoja na kamisheni. Jumatatu nasaini.

Kinachoninyima usingizi ni nilichokiona siku ya usaili. Dada aliyekuwa akinielekeza alifungua kompyuta, likatokea jina la mkopaji, na pembeni namba zote zilizokuwemo kwenye simu yake: "Mama Mkwe", "Mwl wa Junior", "Bosi". Akibonyeza mara moja, wote wanapata ujumbe kwamba huyu ni tapeli na wao ndio wadhamini wake. Deni lenyewe elfu arobaini.

Mwaka jana shangazi yangu alidhalilishwa hivyohivyo, ujumbe ukafika hadi kwa wenzake wa kikoba. Akaacha kwenda vikaoni. Lakini nyumbani mama anaumwa miguu, na mdogo wangu anadaiwa ada.

Mzee wa Kariakoo: Saini mwanangu. Ukiacha wewe atachukua mwingine. Piga miezi sita, ukipata pengine uondoke.

Dada wa Mbagala: Nimeifanya kazi hiyo miezi minne. Kamisheni inatokana na makusanyo, kwa hiyo mpole haambulii kitu. Wiki ya tatu nilimtumia ujumbe baba wa mteja, akanipigia analia, kumbe mwanawe kalazwa. Nilikata simu, nikamalizia zamu. Mpaka leo linaniuma kwamba niliimalizia.

Msoma Sheria: Mdogo wangu, uliza leseni kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Na kutumia namba za watu ambao hawajakopa kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mkono utakaobonyeza ni wako. Omba upande wa hesabu, ndio ulikosomea.

Mleta uzi: Asanteni sana. Leo asubuhi nimepiga, nikaulizia leseni na nafasi ya uhasibu. Nimejibiwa nisaini kwanza, mengine nitaelezwa ndani. Siendi. Mzee wangu wa Kariakoo, usinione mkaidi. Kama hapo madukani kuna anayetaka mtu wa kumwandikia stoku, naanza hata kesho.