Kagongwa kwa nyuma akiwa kwenye bodaboda, shingo imekaza: nimchue lini na kwa nguvu kiasi gani?

Mchuaji_Kirumba

Wakuu, habari za humu. Nachua watu hapa Kirumba, Mwanza, wengi wao makuli wa soko la samaki la Mwaloni na vijana wa bodaboda. Nina mteja wa miaka 29, alikuwa abiria kwenye pikipiki, gari ikawagonga kwa nyuma kule Buzuruga. Leo ni siku ya sita. Hospitali walimpiga eksirei, wakasema mifupa iko salama, wakampa vidonge vya maumivu. Shingo haigeuki vizuri kulia, kisogo kinauma, ganzi anasema hana. Ndugu zake wanataka nimchue kwa nguvu "mshipa urudi mahali pake". Nianze sasa? Nibonyeze kiasi gani? Mara ngapi kwa wiki?

Fizio_Nyamagana

Mkuu, kabla hujashika mafuta mpime. Eksirei inaweza kupitwa na ufa mdogo, kwa hiyo "mifupa iko salama" isikulaze usingizi.

Akae wima, ageuze kichwa mwenyewe, wewe usimguse. Upande wowote akishindwa kufika nusu ya njia kati ya kutazama mbele na kutazama bega, arudi hospitali kwanza. Pitisha kidole kimoja taratibu juu ya pingili, katikati kabisa ya shingo. Msuli wa pembeni kuuma ni kawaida, mfupa wenyewe ukimchoma acha. Mpe vidole vyako avibane kwa mikono yote miwili, nguvu zilingane. Muulize kuhusu ganzi tena, safari hii kwa kutaja kidole kimoja kimoja, maana wengi hujibu "sina" kwa haraka. Miguu kulegea, mkojo kumponyoka, kuona viwili, ulimi kuwa mzito, au kichwa kuuma ghafla kuliko alivyowahi kuumwa: hayo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo, si ya kusubiri kesho.

Na hao ndugu waambie hakuna mshipa uliohama. Misuli ilivutwa ghafla, sasa inajikaza kujilinda. Ukiikandamiza kwa nguvu inajikaza zaidi, na mahali palipochanika unaongeza uvimbe.

Akifaulu vipimo vyote, anza hivi. Mkalishe kwenye kiti kinyumenyume, kifua kiegemee mgongo wa kiti, paji la uso lilale juu ya mikono na mto mdogo. Kichwa kina kilo 4 hadi 5. Shingo ikiendelea kukibeba haitalegea hata ufanye nini. Mafuta ya nazi au ya alizeti, kijiko kimoja cha chai. Yakizidi vidole vinateleza, fundo (pale msuli ulipokaza) hulisikii. Dakika 5 za mwanzo tumia kiganja tu, kutoka kisogoni kushuka hadi ncha ya bega. Kisha shika nyama ya juu ya bega kati ya gumba na vidole, iinue kidogo, minya, achia.

Mafundo utayakuta hasa sehemu tatu: nusu ya njia kati ya shingo na ncha ya bega, kwenye pembe ya juu ya mfupa bapa wa bega, upande wa uti wa mgongo, na chini kidogo ya ukingo wa fuvu, upana wa vidole viwili kutoka katikati. Hilo la mwisho ndilo mara nyingi hupeleka maumivu kichwani, hata nyuma ya jicho. Weka gumba, ongeza nguvu polepole, tulia hapo sekunde 30 hadi 60 mpaka ulisikie likilegea. Akupe namba ya maumivu kati ya 0 na 10. Kwa jeraha jipya isizidi 4. Akishusha pumzi uko sawasawa. Akiuma meno au akiinua bega, umepitiliza.

Mbele ya shingo, kando ya koromeo ambapo mapigo yanasikika, usibonyeze kabisa. Na ule mtindo wa vinyozi wa kuzungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie, kwa mtu huyu ni hatari: mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo inaweza kuchanika.

Dakika 20 zinatosha, mara 2 kwa wiki. Masaji itampa saa chache za shingo laini, na saa hizo ndizo za kufanya mazoezi: avute kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, ashike sekunde 5, mara 10, ageuke kila upande mpaka pale panapoanza kuvuta, mara 10. Arudie mara tatu au nne kwa siku. Asipoyafanya, keshokutwa utaikuta shingo ileile.

Bi_Igoma

Niongeze la joto, maana hapo ndipo watu wanaungua. Dawa ya kuchua yenye menthol ukishaipaka, usifunike kwa taulo la maji moto, ngozi inababuka. Chagua moja. Taulo likamue, lijaribu kwanza ndani ya kiwiko chako, weka dakika 15. Barafu ni ya siku mbili tatu za mwanzo. Hata ile ya samaki pale Mwaloni inafaa, mradi iwe kwenye mfuko na kuzungushiwa khanga.

Pwani_ya_Ziwa

Dakika 20 si kidogo? Kuna utafiti wa Marekani wa 2014 ulioonyesha saa nzima, mara 2 au 3 kwa wiki, inashinda nusu saa.

Fizio_Nyamagana

Ni kweli, lakini wale walikuwa na maumivu ya shingo ya muda mrefu, si waliogongwa wiki iliyopita. Kwa kuli aliyebeba magunia ya dagaa miaka mingi, saa nzima sawa, na namba unaweza kuipandisha hadi 6.

Mchuaji_Kirumba

Nimempima jioni hii. Kugeuka kulia anafika nusu, mfupa hauumi. Ila akiangalia juu huku amegeukia kulia, gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kulia vinawasha, na mkono huo unabana kidogo kuliko wa kushoto. Na yeye hutumia mkono wa kulia.

Fizio_Nyamagana

Basi usimchue. Hiyo ni neva inayobanwa inapotokea shingoni. Kesho asubuhi aende hospitali ya Sekou Toure au Bugando na picha zake, amwambie daktari vidole gani hasa na akikaa vipi. Gumba na shahada huelekeza pingili tofauti na kidole kidogo, kwa hiyo akisema "mkono unawasha" tu hajasema kitu. Leo alale chali au ubavu, mto mmoja, asilale kifudifudi.