Kelasi inachanga pesa za wasimamizi wa Egzeta: nimuache binti yangu achange?

Mama Furaha (Ndosho, Goma)
Yesu asifiwe, wapendwa. Binti yangu wa kwanza anamaliza sekondari, karibu anaingia katika Egzeta, ule mtihani wa serikali wa mwisho. Juzi alirudi akaniambia kelasi nzima inachanga "motivasio" ili wasimamizi wafumbe macho majibu yakipita. Anayekusanya anaandika majina kwenye daftari, na lake ndilo limebaki bila alama. "Mama, utanipa, ao niwaambie nini?"

Baba yake anasema tulipe, mtoto asitengwe na wenzake. Akianguka ni ada ya mwaka mzima tena. Mimi moyo unakataa. Tumemlea katika sala ya jioni tangu hajajua kusoma, anaimba korali, na mwaka huu anafikisha miaka 18. Nilichotaka atoke nacho nyumbani ni kumwogopa Mungu hata pale hakuna mtu wa kumuona, na kujua kukataa bila kumtukana mtu. Pesa hiyo ikitoka mkononi mwangu, nitakuwa nimemfundisha nini? Nishaurini, hasa ninyi mliokwisha kulea.

Papa Elie
Mama Furaha, msikilize na mume wako. Asiyechanga anaweza kuonewa mle ndani, karatasi ikanyakuliwa kwa kisingizio chochote. Mimi nililipa, ila nikamkataza kijana wangu asiguse majibu hayo.

Yaya Riziki
Papa Elie, kwa heshima yako, hapo kijana amejifunza kwamba pesa inaweza kulipwa na dhamiri ikabaki safi. Sikubali. Sisi ni watu wa mji wa Floribert Bwana Chui! Alikuwa mfanyakazi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, hapa Goma, akaletewa pesa apitishe vyakula vilivyoharibika, akakataa ili watu wasile sumu. Julai 2007 alitekwa akauawa, ana miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma. Tunabandika picha yake sebuleni, halafu mtoto akija na swali lile lile tunamwambia alipe? Na kabla ya siku ile ya mzigo alikuwa kijana wa Sant'Egidio, ile jumuiya ya Wakatoliki, akikaa na maibobo, watoto wa barabarani, akiwasaidia warudi shule. Moyo ule ulikuwa umelelewa muda mrefu.

Mama Zawadi (Majengo)
Mimi ni Mprotestanti, lakini hapa tuko pamoja. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataka tuwafundishe watoto tukiketi nyumbani na tukitembea njiani, si kwenye ibada peke yake. Kwangu tunauza makala, yaani mkaa, mlangoni. Watoto wanajua: kopo linajaa mpaka juu, na vumbi la chini ya gunia halichanganywi. Jumamosi yule wa miaka 14 ndiye anahesabu mauzo, anatenga fungu la kumi, anaandika. Siku moja mteja alizidisha pesa, akamkimbiza mpaka barabarani, na mimi sikuwepo.

Ila kubalianeni kwanza wewe na baba. Mtoto asiwaone mkivutana.

Josué
Mama, mimi nimefanya Egzeta si zamani. Muulizeni yeye mwenyewe anataka nini. Akikataa kwa sababu mama kasema, huko chuoni nani atamsemea? Na jueni hili: kwetu majibu yaliyouzwa yalikuwa ya seri nyingine, yaani ya karatasi yenye maswali tofauti. Waliolipa walianguka.

Mama Furaha
Asanteni sana. Jana nimeongea naye tukichambua sombe. Hataki kuchanga. Kinachomuumiza ni kwamba anayekusanya ni rafiki yake, anaogopa ataonekana anamhukumu. Baba yake alikuwa anasikia, akanyamaza. Lakini leo asubuhi amemuuliza kama hesabu bado inamsumbua, na ameshaongea na mwalimu jirani awe anamsaidia kila jioni. Sasa huyo rafiki, amwambie vipi?

Mama Zawadi
Maneno machache, wakiwa wawili tu, si mbele ya kelasi: "Mimi sitachanga, ila wewe ni rafiki yangu." Halafu amwalike waje kusoma wote kwa huyo mwalimu. Umeme ukikosekana, nina taa ya sola, mtume mtoto aje aichukue.