Maji yamechemka nyuzi 97: mtoto aandike 97 au 100?

Mzazi, Gungu

Jamani, tujadili hili kwa uzito. Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Kigoma mjini. Juzi walifanya jaribio la kuchemsha maji, wakisoma kipimajoto kila dakika. Jioni nikafungua daftari lake. Jedwali safi, ila mistari mitatu ya mwisho imepakwa wino mweupe. Nikaunyanyua ukurasa kwenye taa: chini kumeandikwa 97, 97, 97. Juu yake, 100. Nikamuuliza nani kabadilisha. "Mimi, baba. Walioandika 97 wamekosa alama. Kitabu kinasema 100."

Mtoto alisoma sawasawa. Kitabu nacho hakijakosea, ila kinazungumzia usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, hewa ya huku inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo maji yanawahi kuchemka, kwenye nyuzi 97 hivi. Tabora, kwenye mita 1,200 hivi, ni kama 96. Kwangu mimi, alama za jaribio zitolewe kwa alichokiona mwanafunzi na kukiandika.

Mwalimu wa fizikia

Mzazi mwenzangu, nakuelewa, lakini njoo usimame darasani kwangu. Wanafunzi themanini, vipimajoto vinne. Mtoto akiniletea 97, nitajuaje kama ni mwinuko, au kifaa kibovu, au alisoma akiwa amesimama badala ya kushusha jicho usawa wa kipimo? Nikimkubalia kila mmoja namba yake, mvivu aliyekaa pembeni naye atabuni ya kwake. Na mtihani wa taifa una mwongozo wake wa kusahihisha. Nikiwazoesha kuandika chochote, nitawaponza.

Mama muuza dagaa, Kibirizi

Shikamoo mwalimu. Mimi maabara siijui, ila mwanangu alipewa kazi ya kuhesabu beseni za dagaa zinazoshuka mwaloni mwezi mzima. Siku za mbalamwezi mitumbwi mingi haitoki, maana mwezi uking'aa taa hazivuti dagaa. Siku hizo akaacha nafasi wazi. Akaugua malaria siku mbili, akaacha wazi vilevile. Mwezi ulipoisha, yeye mwenyewe hakuweza kutofautisha siku isiyokuwa na dagaa na siku ambayo hakufika. Nikamwambia: hapakuwa na kitu, andika 0, hukwenda, andika hukwenda. Akanijibu sifuri nyingi zitaharibu jedwali, atapunguziwa alama. Nani amewafundisha watoto kuionea aibu sifuri?

Mzazi, Gungu

Mama, umesema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Sifuri ni kipimo kamili. Nafasi wazi haisemi chochote.

Mwalimu, la kifaa kibovu linatibika kwa barafu tu. Iponde, tia maji kidogo, koroga, chovya vipimajoto vyote vinne, subiri vitulie. Kinachosoma 0 ni kizima. Kinachosoma 2 kinazidisha, na kosa hilo liandikwe. Vibandike plasta yenye namba, na kila kundi liandike limetumia kipi. Kifaa kikisoma 0 kwenye barafu na 97 maji yakitokota, hapo mwinuko ndio sababu inayoelekea zaidi.

Halafu mtazame huyo mvivu wako. Hajawasha jiko, hajagusa maji. Ataandika ngapi? Ataandika 100, kwa sababu ndiyo iliyo kitabuni, na ndiye unayempa alama zote. Aliyechuruzika jasho akisoma kila dakika ndiye anayekosa. Hilo ndilo linaloniuma.

Hapo Gombe, kaskazini kidogo ya mji huu, mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu na kuvuta mchwa ale. Wataalamu waliamini binadamu peke yake ndiye mwenye kutengeneza zana. Alikiandika alichokiona, wataalamu wakalazimika kubadilisha walichoamini.

Mtihani wa taifa siubishii. Mwanafunzi aandike 97, kisha chini ya jedwali aeleze kwa sentensi moja kwa nini si 100. Anayeweza kuieleza tofauti hiyo hatashindwa kujibu swali la kitabuni.

Walimu wengine wa Kigoma na Tabora, maabarani kwenu maji yanachemka kwa ngapi? Tupeni namba mliyoisoma wenyewe, na kipimajoto hichohicho kinasoma ngapi kwenye barafu.